Namba Iliyoyeyusha Asali

Msibani watani hawaalikwi, wanategemewa. Ndiyo maana ujumbe wa Mama Sabina haukuwa na pole wala maelezo marefu: "Mtani wako Kondo ametutoka alfajiri. Panda gari la asubuhi, njoo ufanye kazi yako." Niliusoma nikiwa jikoni kwangu Dodoma, sufuria ya chai mkononi, na kilichonitoka kwanza hakikuwa chozi bali jasho la viganja. Kazi ya mtani msibani inajulikana: umwigize marehemu, uwachokoze wafiwa, uzuie hiki na kile mpaka watu wacheke katikati ya kilio. Unaifanya mbele ya uwanja mzima, bila mazoezi. Mimi ni mtu ninayeandika "nimefika salama" mara tatu kabla ya kutuma. Njia nzima, kutoka Manyoni mpaka tulipoanza kuiona misitu ya Tabora, nilitunga maneno na kuyafuta kichwani, nikatunga mengine, nayo nikayafuta. Halafu nikajikuta nacheka peke yangu dirishani, kwa sababu nilimkumbuka Mzee Kondo akipita katikati ya mtaa wa Mtendeni na mzigo wangu kichwani, na mwaka ule wote ukarudi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Sikufeli, na kwa namna fulani hilo lilikuwa baya zaidi, maana aliyefeli ana la kusema. Maombi ya chuo yalitaka nijieleze kwa maneno machache, nami nilijieleza, nikasoma, nikaona aibu, nikafuta, nikaanza upya, mpaka siku ya mwisho ikapita huku bado narekebisha sentensi ya pili. Watu waliponiuliza nilisema najipanga. Nilijipanga hivyo kijijini kwetu Usoke mpaka nyumbani wakanichoka, wakanipeleka Tabora mjini kwa kikundi cha akina mama wanaochuja na kufungasha asali mtaa wa Ng'ambo, chini ya Mama Sabina, mama wa Kimoraviani mwenye sauti ya kuongoza kwaya na mikono isiyotulia. Chumba cha asali nakiona mpaka leo: sakafu ya saruji iliyooshwa mpaka ikang'aa, madumu kando ya ukuta, vitambaa vya kuchujia vikining'inia kama nguo za watoto, harufu ya nta na moshi wa porini, na nyuki wawili watatu waliokuwa wakigonga kioo cha dirisha kutwa nzima, wakidai mali yao. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, mchana ugali kwa mlenda, na kila mtu alikuwa na neno kuhusu mume wa mwenzake. Pembeni, juu ya meza ya mninga, kulikuwa na kompyuta ambayo kikundi kilipewa msaada kwa ajili ya kuchapa lebo. Aliyeijua ni mimi tu. Sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa simu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikikosea faraghani ambako hakuna wa kuniona.

Ni kwa simu hiyohiyo nilisoma habari za watu wanaotafuta namba tasa kubwa. Namba tasa tulizisoma shule ya msingi: tatu, tano, saba, kumi na moja, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nilichokuwa sikijui ni kwamba haziishi. Kadiri unavyokwenda mbele zinakuwa adimu, lakini hazikomi, na duniani wapo watu wa kawaida wanaoziachia kompyuta zao ziwatafutie iliyo kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana. Wanachukua mbili, wanaizidisha kwa mbili, tena kwa mbili, mara mamilioni, kisha wanatoa moja, na kinachobaki wanakipima: inagawanyika au haigawanyiki? Karibu zote zinagawanyika. Ukijiandikisha unapewa namba yako peke yako, na mashine yako inaifanyia hesabu usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Namba hupewi milele. Usipoimaliza kwa muda uliowekwa, anapewa mwingine. Nilijiandikisha kwa kompyuta ya kikundi, kwa siri kama mtu anayeiba. Hapo palikuwa na kitu ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana, hakina kujieleza, hakina sentensi ya pili. Nilijiapiza kwamba hicho, angalau hicho, nitakimaliza.

Lakini umeme wa Ng'ambo ulikuwa haujaapa. Ulipokatika mara ya kwanza, mashine ilipowaka programu iliendelea pale ilipoishia, kwa kuwa ilikuwa ikihifadhi kazi yake kila baada ya muda. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliitazama ile hesabu iliyokatika katikati kama shuka jeupe lenye doa, nikaifuta, nikaanza mwanzo. Umeme ulipokatika tena, nikafuta tena. Siku zilizobaki zikawa za kutosha safari moja tu, isiyo na kurudi.

Siku moja Mama Sabina aliuona mwanga wa skrini, akasimama na mwiko wake.

"Kabula mwanangu, hiki kitu kinavuma kutwa. Kinatuchapia nini?"

Nikamweleza namba. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni.

"Inatumika wapi?"

Nilifurahi, maana jibu nilikuwa nimeliandaa. Nilimwambia hela zake za kwenye simu zinalindwa na namba za jinsi hiyo. Wanachukua namba tasa mbili kubwa, wanazizidisha. Kuzizidisha ni rahisi, lakini ukipewa jibu peke yake, kuzitenganisha ni kazi ya kumshinda mwizi yeyote. "Ni kama umechanganya asali ya maua ya mti wa mtundu na ya mti wa myombo kwenye dumu moja. Nani atazitenganisha?"

"Hakuna," akasema Mama Sabina, na nikaona ameelewa kabisa. "Kwa hiyo hii yako ndiyo italinda hela yangu?"

Hapo nikashikwa. Mimi siwezi kudanganya hata pale uongo unapokuwa na faida. "Hapana, mama. Hii ni kubwa mno. Hizo za kwenye simu ni ndogo sana ukilinganisha na hii. Hii haina kazi."

"Haina kazi."

"Kwa sasa."

"Na umeme inakula."

"Inakula."

Akatikisa kichwa, akaniambia nitafute siku ya kuizima. Bila shaka ningeizima, maana nilimwogopa, lakini kipupwe kilikuwa kimeingia. Wasioijua Tabora wanadhani ni joto tu. Asubuhi za kipupwe asali huwa nzito kama gundi. Unaimimina kwenye kitambaa, unakwenda kusalimia jirani, unarudi, haijapita hata kikombe. Asubuhi moja akina mama walikuta ndoo zote zimegoma isipokuwa moja, ile iliyokuwa imesogezwa nyuma ya kompyuta ili kupisha njia. Ilikuwa imechuja yote, laini, inang'aa. Mama Sabina aliweka mkono nyuma ya mashine, pale feni inapotoa hewa. Ilikuwa moto. Mashine inayopiga hesabu kwa nguvu zake zote hupata joto kama mtu anayelima. Akasema, bila kunitazama, "Hiyo namba yako ina muda gani bado?"

Hivyo ndivyo Mzee Kondo alivyoingia. Alikuwa fundi bati, karakana yake iligusana na ukuta wetu, Mzaramo wa asili aliyezaliwa Tabora na kuzeekea Tabora na ambaye hata hivyo aliuzungumzia mji kama mahali alipokuja kukaa kidogo akisubiri usafiri. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, tangu watu wetu walipokuwa wakishuka na mizigo mpaka pwani. Alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikunywa kahawa chungu kikombe baada ya kikombe. Mama Sabina alimwita atutengenezee kabati la bati la kuikusanya ile hewa ya moto na kuipitisha chini ya ndoo. Alipima, akagonga, akauliza maswali.

"Kwa hiyo mtani, humo ndani kuna namba?"

"Ndiyo, mzee."

"Nzito?"

"Ina tarakimu mamilioni."

"Basi nimeelewa. Wanyamwezi mnajua kubeba tu. Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, na wewe unabeba namba. Yeye alimbebea Mwarabu. Wewe unambebea nani?"

Akina mama walicheka mpaka wakashika madumu. Nilikaa nalo swali lile hata wakati wa chakula, kwa sababu lilikuwa swali la kweli ndani ya mzaha, na kwa sababu, kama kawaida yangu, jibu zuri lilinijia kesho yake wakati hakuna aliyekuwa akinisikiliza.

Kabati lilifanya kazi. Asali ilipita kwenye vitambaa kama maji, na akina mama wakaanza kuisalimia kompyuta kwa Kinyamwezi wanapoingia asubuhi, "Mwangaluka, namba," wakidai kwamba feni inaitikia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeizoea, na kwa sababu sikuizoea, niliilinda vibaya. Sikutoka. Niliketi kando ya mashine nikiangalia asilimia zikipanda kidogokidogo, nikiogopa umeme, panya na pumzi yangu mwenyewe. Mzee Kondo alipokuwa akimwozesha mjukuu wake, alikuja mwenyewe kunialika: mapishi yanaanza kesho yake, na mtani lazima awepo kumenya vitunguu na kutukana watu. Nikamwambia nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikamwonyesha skrini. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema "Haya," akaondoka.

Siku ya mapishi nilirudi kutoka sokoni kununua vifuniko, nikakuta meza tupu. Waya ulikuwa umechomolewa ukutani. Mahali pa mashine palikaa kitunguu kimoja.

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa hasira kama mtoto, na Mama Sabina alikuwa akijipangusa machozi pia, ila yake yalikuwa ya kicheko. "Alikuja kuomba ufunguo, nikampa. Mwanangu, mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa. Nenda ukagomboe."

"Ameichomoa ikiwa inafanya kazi!"

"Nenda ukamwambie yeye."

Uani kwa Mzee Kondo, Mtendeni, wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu, wengine wanachambua mchele, wengine wanatwanga vitunguu saumu, moshi wa kuni, masufuria makubwa ya kuazima, watoto wakifukuzwa na kurudi. Katikati, juu ya mkeka, ilikaa kompyuta yangu, imefunikwa kanga gubigubi kama mwali. Mzee Kondo alikuwa kando yake kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Umefuata pilau?"

"Nimefuata mashine yangu."

"Hapa hakuna mashine. Hapa kuna maharusi wawili, wangu na wako. Wako hatoki bila mahari."

"Mahari gani?"

"Itaje hiyo namba. Yote. Nisikie ni kitu gani kinachomzuia Mnyamwezi kuja kula wali wa bure."

Vigelegele vilipigwa. Macho yote yalinigeukia. Nilitaka kurudi nikajiandae. Lakini nilipotazama chini ili nisiwatazame watu, niliyaona masufuria, na jibu likaja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu likaja palepale.

"Nitaitaja," nikasema. "Ila namba hii ikianza haikatizwi. Hakuna kupakua, hakuna kuonja, mpaka nifike mwisho."

"Mwisho ni saa ngapi?" akauliza Bibi Tausi, mke wa Mzee Kondo, mwiko juu ya sufuria.

"Nikianza sasa, bila kula wala kulala, bibi, nitamaliza mvua zimeshaanza."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Nami nikaanza. Tarakimu za mwanzo nilikuwa nimezipigia hesabu mwenyewe na kuzikariri, kwa kuzipenda tu. "Nne. Moja. Tisa. Saba. Mbili. Mbili. Nane..." Nilitaja huku nikiyatazama masufuria. Mahali fulani nilikosea, lakini hakuna aliyejua na wanawake walikuwa wanapiga makofi kwa mdundo wa tarakimu, kwa hiyo nikaendelea. "Sifuri. Tano. Tano..."

"Kondo!" Bibi Tausi akapiga kelele. "Utatuua na njaa kwa ajili ya mzaha wako! Mpe mtoto mali yake!"

"Basi, mtani, basi!" Mzee Kondo aliinua mikono yote miwili, mabega yakimtikisika. "Chukua mwali wako uondoke!"

"Siwezi kuichukua," nikasema. Sikujitambua. "Babu zangu walibeba vya kwenu mpaka pwani. Leo beba wewe."

Na akabeba. Alikunja kitambaa, akakiweka kichwani kama kata, wakampandishia kompyuta na kanga yake, na Mzaramo huyo akatembea kutoka Mtendeni mpaka Ng'ambo na mzigo wa Mnyamwezi kichwani, wanawake nyuma wakipiga vigelegele, wenye maduka wakitoka milangoni, naye akilalamika njia nzima kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie: "Mnaona? Mnaona dunia ilivyogeuka?" Nilitembea mbele kama kiongozi wa msafara. Sijawahi kucheka vile. Usiku ule nilikula pilau kwake hadi nikashindwa kuinama.

Mashine ilipowaka kesho yake, programu iliandika kwamba imegundua kosa kwenye hesabu yake ya mwisho, imerudi nyuma hatua chache mpaka pale ilipokuwa na uhakika, na inaendelea. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kufuta. Lakini nikianza upya, namba ingekwenda kwa mwingine, na mimi ningebaki na mwanzo wa nne, mzuri, usio na doa wala mwisho. Nikafikiri pia juu ya hao walioitengeneza programu: walikuwa watu makini kuliko mimi, na walikaa chini wakapanga tangu siku ya kwanza nini kifanyike mashine itakapokosea. Hawakuandika aibu yoyote pale. Imekosea, imerudi, inaendelea. Niliondoa kidole, nikaenda kuchuja asali.

Ilimaliza asubuhi moja, akina mama wakiwa wanakunywa uji. Jibu: inagawanyika. Si namba tasa. Nilisubiri huzuni ije, nikashangaa haiji. Mzee Kondo alitoka karakana kwake, akaingia na kikombe chake cha kahawa.

"Kwa hiyo imegawanyika."

"Imegawanyika."

"Kwa ngapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hesabu hii inaonyesha kwamba inagawanyika. Haionyeshi kwa ngapi."

Alikaa juu ya dumu. "Mama Sabina, njoo usikie. Wiki zote hizi! Ni kama kuambiwa nyumbani mwako kuna mwizi, ukiuliza ni nani, unaambiwa hatujui, ila yumo." Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu akaniuliza tena, safari hii kwa upole: "Na ulikuwa unambebea nani, mtani?"

Jibu langu lilikuwa limekwisha kupoa kwa kusubiri, lakini nilimpa. "Watakaofuata. Namba hii imepimwa. Wasipite tena hapa, waende mbele."

"Huo ni mzigo wa maana," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha.

Mwezi uliofuata niliomba namba nyingine, maana kipupwe kilikuwa bado na Mama Sabina alidai nilikuwa nachelewesha asali. Na dirisha la maombi ya chuo lilipofunguliwa, nilijieleza kwa maneno machache, nikaona kosa kwenye sentensi ya pili baada ya kutuma, nikaenda kula. Leo kazi yangu ni kulinda mifumo ya malipo ya simu, kwa zile namba tasa ndogo zenye kazi. Ile kubwa ndiyo iliyonifikisha.

Nilipofika Mtendeni uwanja ulikuwa umejaa, mazishi yamekwisha, wanaume wamerudi na kuketi kwenye mikeka. Mama Sabina aliniona kutoka mbali, akaelekeza kwa kidevu. Kando ya mlango kulikuwa na kigoda chake, na juu yake miwani yenye uzi. Sikuwa na maneno, yale niliyotunga njiani yalikuwa yamenitoka. Nikavaa miwani, nikaona ukungu mtupu, nikaketi, nikaweka mikono juu ya magoti kama yeye.

"Nasikia kuna pilau," nikasema kwa sauti nzito ya Mzee Kondo, kisha nikarudi kwenye yangu. "Hakuna kupakua. Mzaramo alinikatiza, hakunisikiliza mpaka mwisho. Leo hana pa kukimbilia. Nne. Moja. Tisa. Saba."

Wale waliokuwepo siku ile walianza kucheka kwanza, huku wakilia. Mtu akaanza kupiga makofi. Nilipita mahali niliponyamazishwa miaka ile, nikaenda mbele, nikiwa nimeinamisha sikio kuelekea mlangoni kama mtu anayengoja mwenye nyumba aseme neno lake. Hakulisema. Nikakosea tarakimu, nikajua nimekosea, nikarudi moja nyuma, nikaendelea. Ndipo Bibi Tausi, kutoka ndani alikokaa na shuka lake jeupe la eda, akasema kwa niaba yake, sauti imepasuka katikati ya kicheko na kilio:

"Basi, mtani. Basi. Njoo ule."